Bastola Iliyopigwa Msasa

Picha iliingia kwenye simu yangu usiku, na chini yake swali la mstari mmoja: "Kaka, hii wanaokusanya vitu vya zamani wanaweza kutoa shilingi ngapi?" Aliyetuma ni kijana wa Vidunda, kule milimani juu ya Kidodi, wilaya ya Kilosa. Nilifahamiana naye zamani kidogo, nilipokuwa nafuatilia habari ya barabara yao. Kwenye picha kulikuwa na bastola imelazwa juu ya godoro, inang'aa kama sufuria iliyotoka dukani.

Nikamuuliza kwa nini ananiuliza mimi. Akajibu: "Si wewe ndiye unaandikaga mambo ya Willy Gamba?"

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Babu yake alikuwa askari polisi. Aliingia kazini enzi za mkoloni, akaendelea baada ya Uhuru, akastaafu, akarudi kulima maharage. Walipoanua matanga, kasha lake likafunguliwa, na chini kabisa, ndani ya kitambaa cha kaki, ikakutwa hiyo. Haikuwa na risasi. Kijana alikuwa ameona mahali kwamba bastola kuukuu za polisi huuzwa Ulaya na Marekani kwa mamilioni ya shilingi. Kodi ya shamba, ada ya mdogo wake, bati za nyumba ya bibi: hesabu zote alikwisha kuzipiga.

Nilimwandikia mambo mawili kabla ya kulala. Usiiguse tena, na usimtumie mtu mwingine picha hii. Kukutwa na silaha bila kibali ni jinai kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na makosa ya namna hiyo yanaweza kufunguliwa kama kesi ya uhujumu uchumi. Huyu kijana alikuwa anauliza bei ya kitu ambacho kingeweza kumfunga yeye na bibi yake.

Lakini swali lenyewe lilibaki kichwani, na naliandikia hapa, kwenye ukurasa wa vitabu, kwa sababu kadiri nilivyolizungusha niliona ni swali la uhakiki. Kukadiria thamani ya bastola kuukuu ni kusoma. Kuna maandishi, kuna muktadha, kuna matoleo ya kughushi, kuna wasomaji wazuri na wabovu. Na mwisho wake kuna hukumu, ambayo huandikwa kwa tarakimu.

Rafiki yangu mmoja anayependa historia ya vita aliniazima kitabu ambacho wakusanyaji wa bastola za Kiingereza wanakiheshimu kama msahafu: The Webley Story cha William Chipchase Dowell, cha mwaka 1962. Webley kilikuwa kiwanda cha Birmingham. Ndicho kilichotengeneza bastola za polisi wa Ireland kuanzia miaka ya 1860, na za maofisa wa jeshi la Malkia kuanzia 1887, na baadaye bastola zilizosambaa kwenye vituo vya polisi vya makoloni, kutoka Singapore mpaka huku kwetu. Nilikisoma kama ninavyosoma kitabu chochote, kwa penseli mkononi. Juu yake nikaongeza miongozo ya bei ambayo wauzaji huitoa kila mwaka, vitabu vinene visivyo na hadithi hata moja, nguzo za namba tu.

Nikiri kwamba vitabu hivi vilinishinda heshima. Kuna nidhamu ya kusoma humo ambayo wahakiki wa fasihi tungeiomba kwa magoti. Mkusanyaji mzoefu haanzi kwa kuuliza kama bastola inapiga. Anaanza na rangi. Ile rangi ya kibuluu inayoelekea weusi, ambayo chuma kiliogeshwa kiwandani, imebaki kwa kiasi gani? Anakadiria kwa asilimia: tisini, sitini, thelathini, na kila ngazi inaposhuka bei nayo inashuka, wakati mwingine kwa nusu. Halafu anatazama namba: ya fremu, ya mtutu, ya silinda ya risasi. Zikiafikiana, vipande hivi vilizaliwa pamoja. Zisipoafikiana, mtu aliunga bastola kutoka kwenye maiti mbili. Halafu mihuri.

Mihuri ndiyo sehemu tamu. Silaha ya serikali ya Uingereza ilipigwa alama ya mshale mpana. Ikiuzwa kutoka kwenye utumishi, ilipigwa mshale wa pili, ncha zikigusana na za ule wa kwanza. Mishale miwili inayotazamana inasema: huyu ameachiwa huru. Bastola ndogo ya Webley waliyopewa polisi wa London mwaka 1911 ina taji na herufi MP. Zile za Ujerumani za miaka ya Hitler, aina ya Walther, zikiwa na tai na herufi C pembeni, mkusanyaji anajua zilikuwa za polisi, na anaongeza dau. Kikosi cha Singapore kilikuwa na Webley za .38 zenye kifungio cha usalama ambacho ndugu zake hawana, hizo zinasakwa. Na kwa kuwa muhuri una bei, muhuri hughushiwa. Mkusanyaji mzuri basi huangalia kama herufi zimechimba juu ya rangi au chini ya rangi, kingo zake kali au zimelainika. Huo ni uhakiki wa matini, bwana, wala si kitu kingine.

Bastola ya polisi hasa ina tabia yake, na hili nililipenda. Huwa imezeeka nje na ndani bado kijana. Miaka ishirini imekaa kiunoni, inatoka kwenye ala ya ngozi na kurudi, rangi imechubuka mdomoni mwa mtutu na kwenye kingo za silinda. Lakini risasi zilizopita humo ni za mazoezi, mara moja moja kwa mwaka. Ukichungulia mtutu, mifuo ya ndani bado mikali. Mkusanyaji akiona hivyo anafurahi, maana uchakavu wa aina hiyo hauigiziki kirahisi. Chubuko la ala ni sahihi ya miaka.

Kosa kubwa kuliko yote, dhambi ambayo vitabu hivi vyote vinaikemea kwa sauti moja, ni kusafisha. Ukiipaka rangi upya, umeua nusu ya bei. Wamarekani wengi walichonga silinda za Webley kubwa za vita vya kwanza ili ziweze kupiga risasi za .45 za kwao; leo bastola hizo ni za bei ya chini, na zile chache zilizoachwa kama zilivyo ndizo zinazogombewa. Na ukipiga msasa, umemaliza.

Sasa rudi kwenye picha yangu. Inang'aa kama sufuria.

Nilimpigia simu kesho yake. "Uliisafisha?" Akasema ndiyo, kwa fahari kabisa, alinunua msasa wa aina mbili, mkali na laini, akashinda nayo mchana kutwa. Ilikuwa na kutu? Kidogo tu, ila ilikuwa mbaya, imeparuzika kama haikumaliziwa. Kulikuwa na maandishi? Akanyamaza. "Kulikuwa na WAR sijui nini. WAR fulani. Nikaogopa itakuwa ya jeshi, nikayafuta."

Jamani. Wakati wa vita vya pili kiwanda cha Webley kilikuwa na haraka, kikaacha kung'arisha bastola zake za Mark IV. Kikazitoa zikiwa na alama za patasi, na kwa kuona aibu kikagonga maneno mawili kwenye fremu: WAR FINISH. Yaani, tusamehe, huu ni umaliziaji wa wakati wa vita. Ule mparuzo ambao kijana aliuona kama uchafu ulikuwa na hati yake ya kuzaliwa imechorwa pembeni. Alifuta kasoro na cheti cha kasoro kwa pamoja. Na alifuta kwa sababu alijua kusoma: aliona neno la vita, akaelewa, akaogopa. Mtu asiyejua neno lile angeliacha.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiria riwaya zetu, kwa sababu huko ndiko kijana alikojifunza bastola, kama nilivyojifunza mimi.

Kuna kisa maarufu kuhusu mwandishi Ian Fleming. Katika vitabu vyake vya mwanzo James Bond alibeba Beretta ndogo. Mwaka 1956 mtaalamu mmoja wa bunduki wa Glasgow, Geoffrey Boothroyd, alimwandikia barua akimwambia kwa adabu kwamba silaha hiyo ni ya mwanamke, tena haimfai. Fleming hakununa. Katika Dr. No ya mwaka 1958 alimnyang'anya Bond ile Beretta, akampa Walther PPK, na mhusika anayemkabidhi akampa jina la Meja Boothroyd. PPK, kwa asili yake, ni bastola ya polisi wa upelelezi wa Kijerumani. Herufi mbili za kwanza ni za neno la Kijerumani la bastola ya polisi. Kwa hiyo bastola mashuhuri kuliko zote katika hadithi za ulimwengu ni bastola ya polisi, na ilifika kwenye ukurasa kwa sababu msomaji alilalamika. Barua ya Boothroyd ni uhakiki mzuri: imesoma kwa makini, imeonyesha kosa, imebadilisha kitabu kilichofuata.

Riwaya ya Kiswahili ya upelelezi haikupata Boothroyd wake. Ilianza vizuri bila hata kuhitaji silaha: Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960, ana kiko na akili, basi. Katika Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, 1965, tuna Inspekta Wingo, mtumishi wa serikali mwenye cheo. Kisha akaja Elvis Musiba na Willy Gamba, kuanzia Kufa na Kupona ya 1974, na Ben Mtobwa na Joram Kiango, na hapo bastola zikamwagika. Nilizisoma zote chini ya dawati, kama wewe. Sina nia ya kuzibeza. Musiba alikuwa na jicho la mwandishi wa habari kwenye hoteli, ndege na vinywaji, na Mtobwa aliandika usiku wa Dar es Salaam kwa namna ambayo bado naionea wivu.

Lakini zisome tena ukiwa na macho ya mkusanyaji. Bastola ya Willy Gamba haina namba. Imetoka wapi? Kotini. Inarudi wapi? Kotini. Hakuna anayeisaini ghalani asubuhi na kuirudisha jioni. Hakuna anayehesabu risasi. Haina chubuko la ala, haikuwahi kuwa ya mtu mwingine, haina kutu ya masika. Kila mara ni mpya, na kila mara ni ya kigeni.

Kwa miaka niliona huo ni udhaifu wa utafiti tu. Baada ya picha ya Vidunda nimebadili mawazo, na hili ndilo nililotaka kusema tangu mwanzo. Fikiria bastola halisi iliyokuwepo kwenye vituo vyetu wakati Musiba anakua. Ilikuwa Webley, au Enfield dada yake. Na ilikuwa kiunoni mwa nani? Bastola ilikuwa silaha ya afisa. Askari wa kawaida alikuwa na kirungu, na penye lindo au ghasia alipewa bunduki ndefu. Jeshi la Polisi la Tanganyika liliundwa mwaka 1919 likiwa na makao yake Lushoto, lakini ilibidi ufike mwaka 1964 ndipo Mwafrika, Elangwa Shaidi, akakabidhiwa jeshi zima. Kwa miaka zaidi ya arobaini, bastola ya polisi ilimaanisha bwana mkubwa. Shujaa wa riwaya ya Uhuru angewezaje kubeba urithi huo? Musiba alimpa Willy bastola isiyo na historia kwa sababu historia ya ile iliyokuwepo ilikuwa nzito mno kwa kijana anayekwenda kuwakomboa watu kusini mwa Afrika. Alipiga msasa. Alifuta lile neno kwa sababu alijua maana yake.

Ninaelewa kwa nini alifanya. Hasara yake nayo naiona. Kwa kuifanya bastola kuwa mpya, riwaya zile zilimfuta na mtu aliyeisafisha, aliyeilinda usiku mlangoni mwa ghala, aliyepokea pingu na funguo na daftari siku wale wazungu walipopanda meli. Konstebo wa miaka ya hamsini, mtoto wa milimani aliyepanda treni Kilosa, hayumo kwenye Musiba. Na usidhani yumo kwenye vitabu vya wakusanyaji. Vitabu hivyo vinajua siku screw ilipobadilishwa umbo. Vinajua kikosi, vinajua nchi, mara chache vinajua jina la afisa, na jina hilo likiwa na hati basi bei hupaa. Asili yenye ushahidi ndiyo kitu ghali kuliko chuma chenyewe. Lakini sijakutana na mstari hata mmoja wa miongozo hiyo unaoongeza dau kwa sababu ya konstebo.

Nilipanda basi Msamvu siku mbili baadaye. Kwa wasiofika huko: unapita katikati ya hifadhi ya Mikumi, basi linatambaa kwa kuogopa faini, swala wanakutazama, Mikumi mjini unaacha barabara ya Iringa, unashika ya Ifakara, unashuka Kidodi. Halafu ni bodaboda na sala. Milima ya Vidunda inasimama juu ya Ruaha Mkuu kama ukuta. Mashamba yako kwenye miteremko ambayo mtu wa tambarare angeifungia mbuzi kamba.

Wala si milima ngeni kwa silaha. Agosti 1891 Wahehe waliiangamiza safu ya Zelewski pale Lugalo, na bunduki nyingi za Wajerumani zikaangukia mikononi mwa Mkwawa. Wavidunda wanatajwa kati ya waliosimama kwenye Maji Maji. Agosti 1916 Jenerali van Deventer aliingia Kilosa, na mwezi uliofuata jeshi lake lilikuwa Kidodi, chini kabisa ya vilima hivi, Wajerumani wakirudi nyuma ng'ambo ya mto. Kila wimbi liliacha chuma. Kilichobaki zaidi mikononi mwa watu ni gobore, ambalo mhunzi wa kijiji anaweza kulitengeneza na kulizika na kulifukua, na ambalo hakuna mwongozo wa bei ulimwenguni unaolitaja kwa heshima.

Bibi alitukaribisha kwa ugali wa asubuhi na maharage. Mtendaji wa kijiji alikuwa amekwisha kuarifiwa, na polisi walikuwa njiani kutoka chini; hilo ndilo sharti nililompa kijana kabla sijakubali kupanda. Kwa hiyo tulikuwa na kama saa mbili za kukaa na kile kitu mezani, kimefunikwa kitambaa chake cha kaki, hakuna anayekigusa.

"Bibi, babu alisema aliipata wapi?"

"Alisema si yake," alijibu. "Alisema anamtunzia mtu."

"Mtu gani?"

"Mwanangu, mimi nilikuwa mke. Mambo ya kazini hayakuletwa jikoni." Akanyamaza, akachambua mboga, kisha akasema kwamba kila mwaka mvua za masika zinapoanza, mzee alikuwa akifunga mlango, anatoa kasha, na yeye akiwa nje alikuwa anasikia harufu ya mafuta ya cherehani. Miaka yote hiyo. Hakuwahi kuitumia kumtishia mtu, hata nyani. "Aliiogopa," bibi alisema. "Alikuwa anaota ameipoteza. Anaamka anauliza, iko wapi, nimesaini."

Nimesaini. Hilo neno moja lina bastola zaidi kuliko rafu nzima ya Willy Gamba. Kila askari niliyewahi kuzungumza naye, wa zamani na wa sasa, anaujua woga huo: wa daftari la ghala kuliko wa jambazi. Adui anaweza kukukosa, namba haikukosi. Huyu mzee alistaafu, akazeeka, taifa likabadilisha jina, mshahara ukawa pensheni, na bado kuna jioni fulani isiyojulikana ambayo hakurudisha kitu alichosaini. Au alikabidhiwa na mtu ambaye hakurudi. Hadithi yake ingekuwa riwaya, na ningeinunua siku inayotoka.

Mjukuu alikuwa amekaa kwenye kigoda, kimya. Alikuwa na swali lake lile lile, nikaona nimjibu kiume. Kama ungeiacha ilivyokuwa, nilimwambia, na kama ingekuwa nchi ambayo sheria inaruhusu kuiuza, na kama pangekuwa na karatasi: bastola za aina hii ni nyingi, zilitengenezwa kwa maelfu kwa maelfu. Zingeuzwa kwa dola mia chache. Ikiwa na muhuri wa kikosi adimu na hati ya aliyeibeba, hapo tungezungumza elfu. Ilivyo sasa, mkusanyaji angeitaka kwa vipuri. Hapa kwetu, bei yake ni kesi. Uingereza kwenyewe, tangu sheria za 1997 zilizofuata mauaji ya watoto wa Dunblane, bastola kama hii haimilikiwi na raia wa kawaida ila ikiwa imeuliwa, mtutu umezibwa, haipigi tena.

"Kwa hiyo ningeacha kutu," alisema.

"Ungeacha kutu."

"Lakini ilikuwa mbaya, kaka."

Sikuwa na jibu. Nimetumia miaka kumi kuwaambia watu kwamba kitabu chenye mikwaruzo kinaweza kuwa bora kuliko kilicholainishwa, na hapa nilikuwa na mtu aliyefanya kazi ya mchana kutwa kwa upendo kabisa, ili kitu cha babu yake kionekane cha maana.

Polisi walifika wawili. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote, lakini mkubwa wao alikuwa mtu wa makamo, mpole, akasalimia bibi kwa "shikamoo" ndefu na kumpa pole ya msiba kabla ya kutazama meza. Alihakikisha haina risasi, akaivunja katikati kama zinavyovunjika Webley, mtutu ukainama chini. Akachungulia mwanga. "Hii haikupigwa sana," alisema, mtu ambaye hajawahi kusikia jina la Dowell. Nilitaka kumkumbatia.

Halafu akatoa daftari. Hii ndiyo sehemu niliyokuja kuisoma, nikasimama nyuma ya bega lake bila aibu. Aliandika tarehe, kijiji, jina la aliyesalimisha. Aina: bastola. Hali: kuukuu. Namba ya silaha: akaigeuza upande huu, upande ule. Msasa ulikuwa umepita kila mahali. Kwenye silinda, mahali ambapo karatasi ya msasa haikuingia vizuri, palibaki tarakimu mbili, saba na moja, na mkia wa nyingine ambayo ilikuwa tatu au nane. Akaandika 7, akaandika 1, akaweka vistari.

"Alama nyingine?" aliuliza.

Kijana akainua kichwa. "Ilikuwa imeandikwa WAR," alisema. "Mimi ndiye niliyefuta. Unaweza kuandika hivyo?"

Afande alifikiri kidogo, kalamu hewani. Nafasi ya maelezo kwenye daftari ile ni nyembamba, mstari mmoja tu. Akaandika kwa herufi ndogo sana ili yaenee: *ilikuwa na maandishi, yamefutwa na mjukuu, marehemu alikuwa askari.* Akamsomea bibi kwa sauti, neno kwa neno, akamwuliza kama ni sawa.

Bibi akauliza kama sasa mzee anahesabiwa amerudisha.

"Amerudisha, mama," afande alisema, na akamgeuzia daftari ili aweke dole gumba.